Impromptu: "im-" isiyokanusha

Nafundisha tafsiri, na wanafunzi wangu wakikutana na neno la Kiingereza impromptu huwa wanalipasua haraka: im- ya kukanusha, kama ile ya impossible, kisha prompt, yaani tayari. Jumla yake inakuwa "kisicho tayari". Na kwa kuwa leo neno hili hutumika kwa jambo lililofanywa bila kuandaliwa, hesabu inaonekana imekubali.

Haijakubali. Hiyo im- ni kihusishi cha Kilatini, in, chenye maana ya "katika". Warumi walisema in promptu esse, kuwa karibu, kuwa tayari kushikwa. Promptu yenyewe inatokana na kitenzi promere, kutoa kitu pale kilipohifadhiwa, mathalani divai stoo. Mtumwa aliyesimamia stoo ya nyumba na kutoa vyakula aliitwa promus. Basi kitu kilicho in promptu kimeshatoka stoo, kipo mezani, kinangoja mkono tu.

Maana imegeukaje, hata ikafika kinyume chake? Kwa maoni yangu haikugeuka sana. Anayesimama bila karatasi akasema ya maana anachota alichokwisha kuwa nacho. Wasikilizaji wanachokiona ni ile karatasi isiyokuwepo.

Kiingereza kililipokea neno kupitia Kifaransa katika karne ya 17. Mwaka 1663 Molière, mwandishi na mwigizaji wa Kifaransa, alionyesha L'Impromptu de Versailles, tamthilia ambamo yeye mwenyewe anahangaika na waigizaji wasiojua maneno yao huku mfalme akikaribia kuingia.

Ukitaka im- inayokanusha kweli, itafute kwenye improvise: improvisus ni kisichoonwa kabla. Ndiyo maana siyatafsiri maneno haya mawili kwa namna moja. Kwa impromptu napenda "papo kwa papo" kuliko "bila maandalizi". Bungeni Tanzania kuna maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, na sidhani kama yupo anayeamini kwamba Waziri Mkuu huingia pale mikono mitupu.

Wanamuziki ndio wamelifikisha mbali zaidi. Impromptu za mtunzi Schubert za mwaka 1827, vipande vya piano, zimeandikwa noti kwa noti. Fantaisie-Impromptu ya mtunzi mwingine, Chopin, ilichapishwa 1855, miaka sita baada ya kifo chake, na mpiga piano mwenye akili zake hathubutu kuigusa mbele ya watu bila mazoezi ya kutosha.