Usonji Ukishatajwa, Kazi Ndiyo Kwanza Inaanza

"Atasema tu, msubirini." Wazazi wengi wanaoleta watoto kwetu kwa tathmini ya usonji wameisikia kauli hiyo kabla hawajafika. Wameambiwa na bibi wa mtoto, wameambiwa na jirani, na mara nyingine na mhudumu wa afya aliyekuwa na foleni ndefu mlangoni. Watoto wa kiume huchelewa kusema, baba yake naye alichelewa. Basi wanasubiri. Mtoto anatimiza miaka mitatu, minne, mitano, na siku wanapoketi mbele yangu mama anauliza kwa sauti ya chini kama ni yeye aliyekosea.

Hajakosea. Usonji ni namna ubongo unavyokua, na hali hiyo huanza kabla mtoto hajazaliwa. Hugusa mawasiliano na mahusiano na watu, humfanya mtu apende mambo yaende kwa utaratibu uleule, na hisi zake huweza kupokea sauti, mwanga au mguso kwa ukali unaoumiza, au kinyume chake, zikapokea kidogo mno. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kati yao wapo wasiotamka neno hata moja na wanaohitaji kuangaliwa mchana na usiku maisha yao yote, na wapo wenye shahada, ndoa na watoto, ambao hakuna mtu kazini anayejua. Ndiyo maana tunauita wigo, yaani hali moja yenye sura na viwango vingi.

Wazazi huniuliza waangalie nini. Nami huwaambia waanze na kidole. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaona ndege ikipita angani. Ananyoosha kidole, kisha anageuka kumtazama mama yake usoni, kana kwamba anauliza: umeiona? Haombi kitu. Anataka tu waione wote wawili. Mtoto mwenye usonji mara nyingi hana kidole hicho cha kuonyesha. Akitaka maji anaweza kuushika mkono wa mama na kuupeleka kwenye kikombe kama mtu anayetumia kijiko, bila kumwangalia. Anaweza kusoma herufi zote akiwa na miaka miwili na asigeuke akiitwa jina lake. Mzazi akiona hivyo asingoje maneno yatoke ndipo aulize. Na mtoto aliyekuwa na maneno machache kisha yakapotea, huyo apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa, hata kama kila mtu nyumbani anasema yatarudi.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha usonji. Tunautambua kwa kumtazama mtoto akicheza, kuzungumza naye kwa namna anayoiweza, na kuwahoji wanaoishi naye kwa kina. Kipo kidadisi cha maswali 20 kinachotumika nchi nyingi kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, kinachojazwa na mzazi kwa dakika chache. Hicho ni chekeche, kazi yake ni kutuonyesha nani aangaliwe kwa karibu. Kabla ya yote, masikio yapimwe. Nasisitiza hili kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri naye hageuki akiitwa, na mtoto anaweza kuwa na vyote viwili. Kifafa, shida za usingizi na za tumbo pia viulizwe, maana huandamana na usonji mara nyingi na vina matibabu yake.

Wanaotuponyoka zaidi ni wasichana. Msichana mwenye usonji anaweza kumchagua mwenzake mmoja darasani na kumwiga kila kitu: anavyocheka, anavyokaa, anavyopiga soga. Mwalimu anaandika kwenye ripoti kuwa ni mpole na hana tatizo. Akifika nyumbani anatupa begi, anajifungia chumbani na kulia hadi jioni, kwa sababu kujifanya mtu mwingine kwa saa saba kunachosha kuliko hesabu zote. Wengi wao hutibiwa wasiwasi na sonona kwa miaka kabla mtu hajauliza swali la usonji. Watu wazima wanaokuja kutathminiwa wakiwa na miaka 40 wameniambia jambo lilelile kwa maneno tofauti: laiti ningejua mapema kwamba mimi si mkaidi.

Kuna uchafu wa zamani ambao bado unatuharibia kazi. Katikati ya karne iliyopita baadhi ya wataalamu walifundisha kuwa usonji unaletwa na mama asiye na upendo. Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mtoto mwenye usonji, aliivunja hoja hiyo mwaka 1964, lakini akina mama bado wanalaumiwa. Mwaka 1998 jarida la tiba la Uingereza lilichapisha makala kuhusu watoto 12 iliyodai kuwepo uhusiano na chanjo ya surua. Makala hiyo ilifutwa rasmi mwaka 2010. Utafiti wa Denmark uliotolewa mwaka 2019, uliofuatilia watoto zaidi ya 650,000, haukuona chanjo hiyo ikiongeza usonji. Mchanje mtoto wako.

Sasa jina limeshatajwa. Ripoti nyingi za utambuzi ninazoziona zinaishia hapo, na hilo linanisikitisha kila mara. Familia imesubiri miezi, inaondoka na karatasi yenye neno moja zito. Ripoti nzuri ina sentensi kama hii: "Akipewa maelekezo matatu kwa mpigo hushika la mwisho tu, mpe moja, subiri, kisha la pili." Mwalimu anaweza kuitumia sentensi hiyo kesho asubuhi. Wala msaada hauna haja ya kusubiri ripoti. Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ucheleweshi wa ukuaji, na yanaweza kuongozwa hata na watu wasio wataalamu. Mlezi anajifunza kutumia mambo ya kila siku, kuvaa, kuoga, kula, kucheza, kama nafasi za mawasiliano. Anajifunza kungoja sekunde kadhaa kabla ya kumjibia mtoto. Sekunde hizo ni ndefu kwa mzazi, lakini ndimo mtoto anamopata nafasi.

Mtoto huyo atakua, na hapa ndipo jamii yote inapoingia. Mwaka 2012 Damian Milton, mtafiti ambaye yeye mwenyewe ana usonji, aliandika kuwa kutoelewana kati ya wenye usonji na wengine kunatoka pande zote mbili. Tulizoea kusema wao hawatuelewi. Hatukuwa tukijiuliza kama sisi tunawaelewa. Mwaka 2017 mtafiti Noah Sasson na wenzake walichapisha majaribio yaliyolipa wazo hilo uzito: watu walipewa vipande vifupi vya rekodi za watu wazima wakizungumza, baadhi yao wakiwa na usonji. Waliotazama video au kusikia sauti waliwapa wenye usonji alama za chini, na hawakuwa na hamu ya kukaa nao wala kuongea nao. Waliosoma tu maandishi ya maneno yaleyale hawakuonyesha ubaguzi huo. Maneno hayakuwa na kasoro. Kilichohukumiwa ni macho, sauti na mkao, tena kwa sekunde chache.

Mtu akiutafakari utafiti huo, kisha akaukumbuka usaili wa kazi, ataona kwa nini milango haifunguki. Usaili ni nusu saa ya kupimwa kwa macho, sauti na mkao. Nchini Uingereza tathmini iliyoagizwa na serikali, iliyoongozwa na mwanasiasa Robert Buckland na kutolewa Februari 2024, ilieleza kuwa ni takriban watu 3 kati ya 10 wenye usonji walio na umri wa kufanya kazi wenye ajira, wakati kwa watu wenye ulemavu kwa jumla ni 5 kati ya 10 na kwa wasio na ulemavu ni 8 kati ya 10. Siamini kuwa pengo hilo lote linatokana na uwezo.

Chukua swali linaloulizwa karibu kila usaili: "Hebu tueleze kuhusu wewe." Mwenye usonji anaweza kunyamaza, maana swali halina mipaka. Aanzie wapi, alipozaliwa? Au ataeleza kwa dakika kumi na tano bila kusita. Msaili anaandika: hajiamini, au: anaongea sana. Badilisha swali liwe, "Taja majukumu matatu uliyoyafanya mara nyingi zaidi katika kazi yako ya mwisho, na jinsi ulivyoyafanya," umtumie siku mbili kabla, na utamsikia mtu mwingine kabisa. Bora zaidi, mpe kazi yenyewe aifanye kwa nusu siku. Thorkil Sonne wa Denmark, ambaye mwanawe ana usonji, alianzisha mwaka 2004 Specialisterne, kampuni ya kuwaajiri watu wenye usonji, na badala ya kutegemea usaili aliwapa waombaji roboti za Lego, vile vipande vya kuchezea vya kuunganisha, wazijenge huku akitazama wanavyofikiri.

Naomba mfano huo usieleweke vibaya. Kampuni hiyo ilianza na upimaji wa programu za kompyuta, na tangu hapo watu wengi hudhani kila mwenye usonji ni fundi wa kompyuta. Wapo wauguzi, wapishi, waashi, wakutubi. Wapo pia wenye uwezo wa wastani kama sisi wengine tulioajiriwa, na hakuna anayepaswa kuwa mwerevu wa ajabu ndipo astahili mshahara. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 27, unatambua haki ya kufanya kazi kwa usawa na wengine, na unataka mahali pa kazi pafanyiwe marekebisho yanayofaa.

Marekebisho hayo mara nyingi ni madogo. "Niletee ukipata nafasi" huwa "niletee kabla ya saa nane." Maagizo ya mdomo hufuatwa na ujumbe mfupi wa maandishi. Anaruhusiwa kuvaa vizuia kelele na kukaa mbali na taa inayomemeta. Ratiba ikibadilika anaambiwa jana yake. Anatajiwa mtu mmoja wa kumuuliza maswali, naye huyo hachoki. Wapo watakaohitaji mwelekezi wa kukaa nao kazini miezi ya mwanzo, na wapo ambao hawataweza kazi ya mshahara kamwe. Hao nao wana haki ya mchana wenye shughuli, na mzazi wao ana haki ya kulala usingizi.

Hilo la mwisho haliwezekani bila majirani. Mtoto akiangua kilio na kujitupa chini mbele za watu, mara nyingi amezidiwa na kelele na mwanga, wala hajadekezwa. Usimrekodi, usimwambie mama yake amchape. Punguza sauti, wape nafasi, muulize mama: nikusaidie nini?

Watoto wengi wenye usonji huondoka nyumbani bila kuaga, na wengi huvutwa na maji. Kuzama ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya vifo vyao. Mama mmoja tuliyemhudumia alipita nyumba kwa nyumba na picha ya mwanawe, akiwaambia majirani maneno yaleyale: hatawajibu mkimwita, msimkemee, mshikeni mkono mnipigie simu. Fanyeni hivyo kabla hamjahitaji. Na siku mtoto asipoonekana, msianze kumtafuta chini ya vitanda wala kwa marafiki. Anzeni kwenye maji.