Ufundi uko mkononi, cheti kiko wapi?

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, yakishatoka, benchi la nje ya ofisi yangu hujaa akina mama. Watoto wenyewe hukaa pembeni, macho kwenye simu. Januari moja aliingia mama kutoka Likoni, akaiweka karatasi ya matokeo mezani na kuifunika kwa kiganja, kana kwamba feni ingeipeperusha.

“Mwalimu, mwanangu kapata D+. Ndiyo basi tena?”

“Si basi, mama. Jioni akitoka nyumbani huenda wapi?”

“Kwa mjomba wake, gereji. Tangu darasa la saba. Hata gari la imamu wetu hulitengeneza yeye.”

Kijana akainua kichwa kwa mara ya kwanza.

Kazi yangu ni kuwashauri watu kuhusu masomo na ajira katika taasisi ya mafunzo ya ufundi hapa Mombasa, na swali hilo la jioni ndilo ninaloanza nalo siku zote. Wengi wanaokuja wakilalamika kwamba njia imefungwa tayari wana nusu ya safari mkononi. Wanachokosa ni karatasi ya kumwambia mgeni kile ambacho jirani zao wanakijua.

Tuanze na alama, maana hapo uvumi ni mwingi. Kuingia chuo kikuu moja kwa moja ni C+. Diploma huanzia C-. Cheti cha ufundi, ile ngazi inayoitwa kraft, ni D. Chini yake kuna artisan, na huko hata aliyepata E hafukuzwi mlangoni. Mfumo wa kitaifa wa kupanga vyeti una ngazi 10: kraft iko ya 5, diploma ya 6, digrii ya kwanza ya 7, na PhD ndiyo ya 10. Kwa hivyo aliyeanza na kraft anaweza kupanda hadi diploma, na mwenye diploma akaomba chuo kikuu akitaka. Ni safari ndefu, sikatai, lakini kila kituo kina kazi yake na mshahara wake. Ile D+ ya mwana wa Likoni haikumzuia kusomea umakanika.

Sasa nije kwa wale walioliaga darasa zamani, kwa sababu hao ndio wanaonisumbua moyo zaidi.

Fundi mmoja wa friji kutoka Kongowea, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuja kwangu akiwa amekosa kazi hotelini. Miaka 11 anatengeneza friji na viyoyozi. Huweka sikio kwenye kompresa akakutajia ugonjwa kabla hajafungua skrubu hata moja. Meneja alimwomba cheti, na cheti hana. Nikamshauri afanye mtihani wa NITA, ile Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, mtihani ambao mafundi wenyewe huuita gredi testi. Unaanza gredi ya 3, unapanda ya 2, kisha ya 1. Kuna maswali, na kuna kazi ya mikono mtahini akiwa amesimama hapo anakutazama.

Mara ya kwanza alianguka. Alichomelea bomba vizuri, mshono safi kabisa, kisha akaunganisha mtungi na kuanza kujaza gesi. Mtahini akauliza: pampu ya vakyumu iko wapi? Mzee hakuwa amevuta hewa. Kibandani kwake miaka yote huachia gesi kidogo isukume hewa nje, na friji hutoka ikigandisha barafu, mteja hulipa na kuondoka. Lakini unyevu ukibaki ndani huenda kuganda kwenye kile kijibomba chembamba, ukaziba njia ya gesi, na friji ikagoma baada ya muda. Mteja hulaumu stima. Juu ya hilo, friji nyingi mpya za nyumbani hutumia gesi ya R600a, ambayo hushika moto. Anayewasha tochi ya kuchomelea kabla ya kuiondoa yote anacheza na uhai wake na wa mwenye nyumba.

Alinuna siku mbili. Siku ya tatu akanunua pampu ya mtumba, na duru iliyofuata akapita. Ndiyo maana hunikera mtu anaposema mtihani huu ni wa kutafuta karatasi tu. Mzee alikuwa fundi hodari mwenye kosa moja la miaka 11, na hakuna mteja ambaye angemwambia.

Ipo njia nyingine ambayo wengi hawajaisikia, nayo ni kutambuliwa kwa ujuzi ulioupata nje ya darasa. Kwa kifupi huitwa RPL, na sera yake ya kitaifa ilizinduliwa 2024. Hapa safari huanza na kazi ulizokwisha kufanya. Unajipima mwenyewe kwa fomu, unakusanya ushahidi, kisha mtathmini anakuhoji na kukutazama ukiwa kazini. Ukionekana una pengo, unaambiwa ni lipi ukalizibe hilo, badala ya kurudishwa kwenye kozi nzima kama mtoto. Mshonaji wa Majengo, mpishi wa biriani za harusi, seremala wa milango ya nakshi: hawa ndio RPL iliwafikiria. Uliza tu kwanza kama kituo unachokiendea kimeidhinishwa kwa fani yako, maana si kila taasisi hutathmini kila kitu.

Na kwa aliyeajiriwa, kuna jambo ambalo waajiri hawalitangazi. Kila mwajiri hutakiwa kulipa NITA shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi. Pesa hizo hazikatwi kwenye mshahara wako. Ni mzigo wa mwajiri. Akimpeleka mtu wake kwenye mafunzo yaliyoidhinishwa, anaweza kuomba arejeshewe gharama. Kwa hivyo kibarua aliyekaa miaka mitatu kwenye kampuni ya Changamwe au Shimanzi akiuliza “Mtanipeleka kozi lini?” haombi sadaka. Ulizeni kwa adabu, lakini ulizeni.

Cheti na leseni ni vitu viwili, na hapo watu hupoteza muda. Fundi wa umeme aliyefuzu bado anahitaji leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi na petroli, kabla ya kuchukua kazi ya kutandaza nyaya za nyumba. Wa sola naye ana leseni zake, T1 hadi T3. Dereva anayetaka trela la makontena anahitaji daraja la CE kwenye leseni yake. B ya gari dogo haimruhusu kushika usukani ule.

Tukija baharini, ndoto ni nyingi na matapeli hawapungui. Anayetaka kazi melini lazima apitie mafunzo ya msingi ya usalama chini ya mkataba wa kimataifa wa STCW wa 1978: kujiokoa majini, kuzuia na kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wako na wajibu wako kwa wenzako. Bandari Maritime Academy, ile tuliyoizoea kwa jina la Bandari College, huyafundisha hapa hapa mjini. Ongeza cheti cha afya na kitabu cha baharia. Ukishavipata vyote umeruhusiwa kupanda meli, basi. Meli yenyewe inatafuta mpishi, fundi wa injini, fundi wa umeme, mhudumu wa vyumba, na ujuzi huo unaupata nchi kavu. Nimewaona vijana wa mtaa mmoja wakiuza hadi pikipiki kulipia mafunzo ya usalama, kisha vyeti vikakaa kabatini mpaka vikahitaji kuhuishwa, maana umahiri huo huthibitishwa upya kila miaka 5. Laiti wangeanza na upishi.

Wakala akikuomba pesa za “kushikia nafasi”, usimpe hata ya chai kabla hujauliza. Kwa kazi za melini, waulize KMA, mamlaka ya masuala ya bahari, kama ana leseni. Kwa kazi za Ghuba, angalia jina lake kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Klia na fowadi, yaani kutoa mizigo bandarini na kuisafirisha, nayo ni kazi ya Mombasa tangu enzi za babu zetu. Wengi waliojifunza kwa kukimbizana na makaratasi Kilindini sasa huongeza cheti cha Afrika Mashariki cha forodha na uwakala wa mizigo, na KESRA, chuo cha mamlaka ya ushuru, kina kampasi hapa. Ni kozi nzuri. Ila sitamficha mtu: reli ya SGR ilipoanza 2017 na makontena yakawa yanapakiwa moja kwa moja hadi Nairobi, kazi nyingi ziliyafuata huko. Septemba 2022 serikali iliagiza shughuli hizo zirudi Mombasa, lakini ofisi iliyokwisha kufungwa haifunguki kwa tangazo. Ingia huko kama una mtu wa kujifunza kwake, si kwa sababu binamu yako alijenga nyumba Mtwapa kwa kazi hiyo mwaka 2009.

Kazi za ofisini pia zina njia zake. Mwenye C- anaweza kuanza na ATD, diploma ya uhasibu ya bodi ya mitihani ya KASNEB, akaendelea na CPA, akawa mhasibu kamili pasipo kukanyaga chuo kikuu. Muuguzi husajiliwa kwa diploma, na KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba, iko mjini na Port Reitz. Lakini daktari, wakili na mhandisi hawana mkato: hao ni digrii, na anayekuambia vingine anataka pesa zako.

Vyuo vya orofani, vile vyenye bango kubwa na vyumba viwili, sivichukii vyote. Kuna vizuri. Ninachotaka mzazi aulize kabla ya kutoa karo ni hiki: nani anatahini? Ukijibiwa NITA, KNEC (baraza la mitihani la taifa), CDACC (inayotahini ufundi) au KASNEB, endelea kusikiliza. Ukijibiwa “sisi wenyewe, na cheti chetu kinatambulika kimataifa”, aga na uende. Kisha tafuta jina la chuo kwenye orodha ya TVETA, inayosajili vyuo vya ufundi. Iko kwenye intaneti bila malipo. Mama mmoja alinijia na risiti za mwaka mzima za chuo ambacho hakikuwemo kwenye orodha hiyo. Sikuwa na la kumwambia ila pole.

Nirudi kwa yule kijana wa Likoni. Nilimwomba anionyeshe alichokuwa akikitazama kwenye simu muda wote ule. Alisita, akamwangalia mama yake, kisha akanipa. Zilikuwa picha: giaboksi ya Probox imefunguliwa, meno yamepangwa juu ya gunia kwa mpangilio yalivyotoka, bomba la breki lililoliwa na chumvi ya bahari, na jipya kando yake, injini ikining'inia kwenye mnyororo chini ya mwarobaini. Zaidi ya mia mbili. Mama alikuwa hajawahi kuziona.

Nilimtolea daftari. Nikamwambia aandikie kila picha: tarehe, aina ya gari, ugonjwa ulikuwa nini, yeye alifanya nini na mjomba alifanya nini, na namba ya mteja anayeweza kuulizwa. Alianza na ile ya giaboksi, palepale kwenye benchi.