Maziwa hayasafishi vumbi la mgodini

Ujumbe huu hauishi kuzunguka kwenye magrupu ya wachimbaji wadogo: ukitoka duarani (shimo la mgodi), kunywa nusu lita ya maziwa, yatasafisha vumbi kifuani na hutapata kifua kikuu.

Si kweli. Maziwa hupita kwenye umio na kuingia tumboni, ilhali vumbi limeshuka kwa njia ya hewa hadi mapafuni. Njia hizo mbili hazikutani huko chini. Kinachowachanganya watu ni kwamba maziwa hulainisha koo lililokauka, na mtu akipata nafuu ya koo hudhani kifua nacho kimesafishika. Tena maziwa mabichi ya ng'ombe mgonjwa yanaweza kuleta kifua kikuu, kwa hiyo yachemshwe.

Kifua kikuu huenezwa na bakteria wanaosambaa hewani mgonjwa anapokohoa. Vumbi la mwamba lenye silika (madini yaliyomo kwenye mawe na mchanga) halina bakteria hao, ila hudhoofisha kinga ya mapafu. Ndiyo maana wachimbaji huugua zaidi. Kinachosaidia ni kuchoronga (kutoboa mwamba) kwa maji badala ya kuchoronga pakavu, hewa ipite shimoni, na barakoa maalumu ya vumbi. Kitambaa cha shingoni hakizuii chembe ndogo za silika.

Unakohoa wiki mbili au zaidi, unatoka jasho usiku, unakonda? Peleka makohozi yakapimwe. Tanzania, vituo vya serikali hupima na kutibu bure, na dawa kwa kawaida ni za miezi 6.

Ukitumiwa tena ujumbe wa maziwa, usiusambaze.