Komoni, Ulanzi na Kimpumu: Dhana Zinazoharibu Pombe ya Nyanda za Juu Kusini

Vilabu vya pombe vya Mbeya, Iringa na Njombe, vinavyouza komoni ya mahindi na kimea cha ulezi, ulanzi wa mwanzi na kimpumu cha ulezi kinachonywewa kwa mrija, si vile vya zamani. Ndoo ya plastiki imechukua nafasi ya mtungi, dumu la lita 20 limechukua nafasi ya mbeta (chombo cha mwanzi cha kugemea ulanzi), na mahindi yanaingizwa pale ulezi unapopanda bei. Kiwanda cha TBL kipo Mbeya kwenyewe, kwa hiyo bia ya chupa haitoki mbali. Wapo pia vijana wanaotaka kutengeneza pombe ya kwetu kwa usafi, waiweke kwenye chupa na kuiuza kwa jina lake. Kinachowakwamisha si mtaji peke yake. Kuna mambo mengi yanayosemwa kuhusu pombe hii ambayo si kweli, na mengine yameua watu.

"Pombe ya kienyeji haina kanuni, ni mkono wa mpishi tu"

Mkono upo, lakini unafuata kanuni, na kanuni ya kwanza ni kimea. Loweka ulezi saa 12 hadi 24 na ubadilishe maji walau mara moja. Uchuje, kisha utandaze juu ya gunia safi kwa unene usiozidi sentimita 3, ufunike na kuunyunyizia maji asubuhi na jioni. Kwa kawaida siku 3 au 4 zinatosha. Mwezi wa saba Mbeya, usiku joto linaposhuka chini ya nyuzi 10, ongeza siku moja au mbili. Ukitandaza rundo nene, katikati hupata joto na kuota ukungu, na kimea chote kinanuka uvundo. Ukikiacha hadi machipukizi yarefuke sana, sukari ambayo ingekuwa pombe inaliwa na mmea. Machipukizi yakifika kama sentimita moja, anika juani hadi punje ivunjike kwa meno, kisha saga, lakini isiwe laini sana. Anayetumia kimea cha mtama ayapukuse machipukizi na mizizi yote kabla ya kusaga, kwa sababu ndimo ilimo kemikali asilia inayozalisha sayanidi, ambayo ni sumu.

Kanuni ya pili ni joto, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Vimeng'enya vya kimea ndivyo vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Vinafanya kazi vizuri kati ya nyuzi 60 na 70, lakini kwenye uji unaotokota vinakufa. Anayemimina kimea chote juu ya moto anapata uji mzito usio na utamu, halafu analaumu mahindi. Pika kwanza uji wa mahindi peke yake hadi uive kabisa, kisha epua. Mbeya ipo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo hesabu yake haifanani na ya Dar es Salaam. Lita 10 za uji unaotokota, ukiongeza lita 5 za maji baridi na kilo 2 za unga wa kimea, hukaa karibu na nyuzi 66. Funika, zungushia blanketi, acha saa moja bila kufunua. Uji mzito utalegea na kuwa mtamu. Ukitaka uhakika, weka kijiko cha uji uliopoa kwenye sahani na udondoshee tone la iodini ya duka la dawa. Ukigeuka bluu nyeusi, wanga bado upo, na unahitaji muda zaidi.

Chachu huwekwa uji ukishapoa chini ya nyuzi 30. Kukiwa na baridi chini ya nyuzi 20, chachu huzubaa na bakteria wa uchachu hutangulia, ndiyo maana komoni ya Juni mara nyingi huwa kali ya ndimu badala ya kulewesha. Dawa yake ni kufunika chombo vizuri na kukiweka karibu na mafiga. Kuongeza sukari hakusaidii.

"Pombe nzuri ni kali, tia sukari na hamira"

Kilo moja ya sukari kwenye lita 20 huongeza karibu asilimia 3 ya kilevi bila kuongeza ladha yoyote. Pombe inakuwa nyepesi mdomoni na nzito kichwani. Hamira nayo haina ubaya: gramu 5 hadi 10 zinatosha lita 20. Ubaya unakuja inapowekwa kwenye uji wa moto moto ili pombe iive upesi, kwa sababu chachu iliyopata joto kupita kiasi hutoa vilevi vizito vyenye harufu kali inayochoma pua. Komoni iliyotengenezwa kwa kimea cha kutosha haihitaji sukari.

Na hata bila sukari, si nyepesi kama inavyodhaniwa. Lita moja ya komoni ya asilimia 5 ina kilevi sawa na chupa mbili za bia za nusu lita. Mtu anayekunywa lita tatu jioni na kusema "leo nimekunywa komoni tu" amekunywa bia sita.

"Ulanzi wa asubuhi ni juisi, mpe hata mtoto"

Ulanzi hautengenezwi jikoni, unagemwa. Mwanzi unaoitwa mlanzi unapochipua wakati wa mvua, mgema hukata ncha ya chipukizi na kuikwangua upya asubuhi na jioni, na maji matamu hudondokea kwenye mbeta. Ndani ya mbeta iliyotumika jana kuna chachu tayari, kwa hiyo ulanzi huanza kuumuka ukiwa bado unadondoka. Mtogwa, yaani ulanzi mpya wa asubuhi, ni mtamu, lakini una kilevi kidogo tangu saa ya kwanza, na kufikia jioni si ule tena. Ukishakuwa mkangafu, yaani ulanzi uliochacha na kuwa mkali, unafika asilimia 5 hivi. Mtoto na mama mjamzito hawana sehemu hapo. Baada ya siku mbili tatu, unaelekea kuwa siki, na hakuna kinachourudisha.

Tena, mlanzi unachoka. Chipukizi lililogemwa halikui tena kuwa mwanzi wa kujengea, kwa hiyo shina likigemwa machipukizi yote kila mwaka linadhoofika. Mgema makini huacha machipukizi kadhaa yapande.

"Komoni inapofusha macho"

Kinachopofusha ni methanoli, aina ya kilevi chenye sumu, na pombe ya nafaka iliyochachushwa vizuri ina kiasi kidogo sana cha hiyo. Hatari ipo kwenye vinywaji vikali vilivyochanganywa na spiriti ya viwandani. Anayeona ukungu machoni saa 12 hadi 24 baada ya kunywa akimbizwe hospitali palepale. Gongo imekatazwa kwa sheria yake ya mwaka 1966, wakati pombe za kienyeji za kuchachusha zina leseni chini ya Sheria ya Vileo ya 1968. Viroba vilivyopigwa marufuku Machi 1, 2017 navyo vilikuwa pombe kali, si komoni. Kuviweka vyote kapu moja ni kumwonea mama mwenye leseni yake.

"Mahindi yaliyoota ukungu yanafaa pombe, moto utaua kila kitu"

Hii ndiyo dhana mbaya kuliko zote. Moto unaua kuvu, lakini sumukuvu inabaki. Mwaka 2016 sumukuvu ya mahindi iliua watu wapatao 20 Dodoma na Manyara. Kiwango kinachoruhusiwa kwa aina iliyo hatari zaidi, aflatoksini B1, ni mikrogramu 5 tu kwa kilo, na huwezi kuiona kwa macho wala kuionja.

Januari 2015, huko Chitima, jimbo la Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya msibani. Uvumi wa nyongo ya mamba ulienea haraka. Vipimo vya maabara vilionyesha jambo jingine: unga wa mahindi ulioharibika kwa maji ya mafuriko ulikuwa umeota bakteria aitwaye Burkholderia gladioli, na sumu yake haiharibiwi kwa kuchemsha. Kwa hiyo unga ulionyeshewa haupikwi pombe, hata ukikaushwa tena.

Kipimo cha nyumbani cha unyevu, si cha sumu, kipo. Chukua chupa kavu ya kioo, weka mahindi robo yake, ongeza chumvi kavu kiganja kimoja, tikisa dakika moja. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15 na hayafai kuhifadhiwa. Rudisha juani.

"Kimpumu ni uchafu kwa sababu ya mrija"

Mrija huchuja machicha huku maji ya moto yakiongezwa mtungini, na huo ndio ustadi wake. Kila mtu awe na mrija wake, uchemshwe kabla na baada ya kutumika. Hapo hoja inaisha.

"Funga tu kwenye chupa, uuze mjini"

Kila gramu ya sukari inayochachuka hutoa karibu nusu gramu ya gesi. Bia ya chupa ina gramu 5 hivi za gesi kwa lita. Mtogwa wenye gramu 60 za sukari kwa lita, ukifungwa, unaweza kufikia gramu 30. Chupa hiyo italipuka, na vipande vya kioo havichagui. Chibuku ya boksi huuzwa ikiwa bado inachacha, ndiyo maana boksi lake hutuna na siku zake za kukaa ni chache.

Anayetaka chupa anunue haidromita, kifaa kinachoelea kwenye kinywaji na kuonyesha sukari iliyobaki. Pima kabla ya kuchachusha na baada. Kipimo kikitoka 1.045 hadi 1.008, zidisha tofauti kwa 131 upate kilevi cha asilimia 4.8. Kipimo kikae palepale siku tatu mfululizo ndipo ufunge. Ukitaka gesi, pima gramu 6 za sukari kwa lita, si kwa kukadiria na kijiko. Usipotaka gesi, weka chupa kwenye maji ya nyuzi 65 kwa nusu saa, na kipima joto kiwe ndani ya chupa moja ya majaribio, kwa sababu maji ya sufuria hupata joto kabla ya kinywaji kilichomo.