Milimita arobaini si kipimo kamili: toleransi na mkao wa beringi kwenye shafti ya mashine ya kusaga

Mteja mmoja alileta kwenye karakana yetu, hapa Kizota, Dodoma, shafti ya mashine ya kusaga nafaka kutoka Kibaigwa, imeviringishwa kwenye kiroba pamoja na beringi mbili mpya ambazo zilikuwa bado kwenye maboksi yake. Malalamiko yake yalikuwa mafupi: ndani ya msimu mmoja wa mahindi alikuwa amebadilisha beringi mara tatu, na kila mara fundi aliyemhudumia alimwambia kwamba beringi alizonunua zilikuwa feki. Huenda moja kati ya hizo ilikuwa feki kweli, maana sokoni kuna kila kitu, lakini nilipofuta grisi mahali beringi inapokaa niliona mambo mawili yaliyonitosha. La kwanza ni vumbi laini la rangi ya kutu, lile linalotokea pale chuma kinaposuguana na chuma kwa mwendo mdogo mno usioonekana kwa macho. La pili ni kwamba mzunguko wote wa shafti ulikuwa umepigwa vidoti vya sentapanchi, yaani kipigio cha chuma chenye ncha kali, vimepangana mstari kwa mstari kama ngozi ya kenge.

Nilimuuliza shafti hiyo ilichongwa kwa kipimo gani. "Arobaini, fundi," alinijibu mzee yule, "kwa sababu beringi ni ya arobaini." Maikromita, kipimio chetu cha vipenyo kwa usahihi mkubwa, ilisoma 39.95 kati ya kidoti na kidoti.

Jibu la "arobaini" ndilo linalonifanya niandike makala haya, kwa sababu linatolewa na wateja na linapokelewa na mafundi kana kwamba limejitosheleza. Hakuna mashine duniani inayochonga milimita 40 kamili bila kukosea hata chembe, na hata ingekuwepo, 40 kamili si lazima kiwe ndicho kipimo kinachotakiwa. Kipimo kinachofaa kuandikwa kwenye mchoro kina sehemu mbili: kipimo cha msingi, yaani hiyo 40, na mipaka ya juu na ya chini ambayo kazi ikiangukia ndani yake inakubalika. Umbali kati ya mipaka hiyo ndio toleransi. Wapo wanaoichukulia toleransi kama ruhusa ya uzembe, lakini mimi naiona kama ahadi, kwamba popote kipimo kitakapoangukia ndani ya mipaka hiyo, kifaa kitafanya kazi yake.

Mfumo tunaoutumia unatoka katika kiwango cha kimataifa cha ISO 286, na uandishi wake ni mfupi mno kiasi kwamba ukishauzoea unausoma kama namba ya gari. Herufi inaonyesha eneo la toleransi liko wapi ukilinganisha na kipimo cha msingi, na namba inaonyesha upana wa eneo hilo; herufi kubwa ni ya tundu, herufi ndogo ni ya shafti. H7 kwa tundu la milimita 40 maana yake ni kuanzia 40.000 hadi 40.025. Shafti ya g6 ya ukubwa huohuo inaanzia 39.975 hadi 39.991, kwa hiyo itaingia kwenye tundu hilo na kuteleza wakati wote. Shafti ya p6 inaanzia 40.026 hadi 40.042, kwa hiyo hata shafti ndogo kuliko zote ikikutana na tundu kubwa kuliko yote bado itabana kwa mikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Katikati yake kuna k6, kuanzia 40.002 hadi 40.018, ambayo kwenye tundu la H7 inaweza kulegea kwa mikroni 23 au kubana kwa mikroni 18, kutegemea vipande viwili vilivyokutana ni vipi. Jinsi shafti na tundu vinavyokutana, kwa kulegea au kwa kubana, ndiko tunakoita mkao, na huu wa k6 ndio mkao wa kati, ambao wengi huuogopa bila sababu.

Tundu limepewa heshima ya kuanzia kwenye sifuri kwa sababu za karakana tu. Rima ya 40, yaani kisu cha kumalizia tundu, inatoa tundu la 40 na haibadiliki, ukitaka kipimo kingine unanunua rima nyingine. Lakini shafti unaichonga kwa kuzungusha mkono wa mashine, na mikroni kumi zaidi au pungufu hazikugharimu kifaa kipya. Hivyo ni nafuu kuliacha tundu kwenye H na kuihamisha shafti. Kwenye mashine za kilimo utakuta kinyume chake mara nyingi, kwa kuwa hutumia nondo zilizovutwa kiwandani ambazo hakuna anayetaka kuzichonga tena.

Sasa tuje kwenye beringi, ambako kuna mtego uliomnasa hata fundi mwenye cheti. Beringi iliyoletwa ilikuwa 6208: tundu lake 40, kipenyo cha nje 80, upana 18. Tundu la beringi halifuati H. Watengenezaji wa beringi wameweka eneo lao la toleransi chini ya kipimo cha msingi, si juu yake, kwa hiyo beringi ya daraja la kawaida yenye tundu la 40 inaanzia 39.988 na kuishia 40.000. Chukua shafti ya k6 na uiweke humo, na utaona kwamba ule mkao wa kati umegeuka: ubanaji wa chini kabisa ni mikroni 2 na wa juu kabisa ni mikroni 30. Haulegei kamwe. Anayesoma jedwali la matundu ya kawaida na kuona k6 "inaweza kulegea" anashuka hadi 39.99 ili "beringi iingie vizuri", na hapo ndipo ugonjwa unapoanza.

Kwa nini ni lazima ibane? Mvuto wa mkanda na uzito wa rota, ile sehemu inayozunguka na kubeba nyundo za kusagia, katika mashine ya kusaga vinaelekea upande mmoja tu, havizunguki, wakati shafti pamoja na pete ya ndani ya beringi vinazunguka chini ya mzigo huo. Kila nukta ya pete ya ndani inapita chini ya mzigo mara moja kwa kila mzunguko. Kama kuna nafasi kati ya pete na shafti, hata ya mikroni kumi tu, mzingo wa ndani wa pete ni mrefu kidogo kuliko mzingo wa shafti, na pete inabingirika juu ya shafti polepole kama bangili pana kwenye mkono mwembamba. Inatambaa. Kutambaa huko kunazaa vumbi la kutu, vumbi linasaga shafti, shafti inapungua, na beringi mpya inayokuja inakuta nafasi kubwa kuliko ile ya kwanza. Ndiyo maana mteja wangu alibadilisha beringi tatu na kila moja ilidumu muda mfupi kuliko iliyotangulia.

Pete ya nje yenyewe imesimama na mzigo wake umesimama, kwa hiyo haitambai, na inaruhusiwa kukaa kwa ulegevu kidogo kwenye nyumba yake, yaani tundu la fremu linaloibeba: H7 kwa 80 ni kuanzia 80.000 hadi 80.030, na beringi yenyewe ni kuanzia 79.987 hadi 80.000. Ulegevu huo una kazi. Shafti yenye urefu wa milimita 600 ikipata joto la nyuzi 30 zaidi ya fremu yake inarefuka kwa takriban milimita 0.2, na ni lazima beringi moja kati ya mbili iweze kusogea, la sivyo gololi zitabanwa kwa upande. Gurudumu la tela la trekta ni kinyume cha haya yote: ekseli imesimama, habu, yaani kitovu cha gurudumu, ndiyo inayozunguka, na pete ya nje ndiyo inayostahili kubana. Mtu akikuambia "beringi inabana kwenye shafti, inalegea kwenye nyumba" kama kanuni ya kukariri, muulize kwanza ni kipi kinachozunguka. Na hata katika mashine ya kusaga kanuni inaweza kuvurugika, kwani mwenye mashine akibadilisha nyundo za upande mmoja wa rota na kuacha zilizolika upande wa pili, uzito usiolingana unazunguka pamoja na shafti, na sasa pete ya nje ndiyo inayoanza kutambaa.

Kuna wasomaji watakaosema kwamba wao wanazo beringi za kwenye kiti, zinazofungwa kwa skrubu mbili ndogo, na zinaingia kwa mkono bila tatizo. Ni kweli, hizo zimetengenezwa hivyo. Skrubu ndizo zinazofanya kazi ya ubanaji, na kwa mzigo mwepesi zinatosha. Siziongelei hapa.

Vidoti vya sentapanchi navifahamu vizuri, nami nilivipiga nikiwa mwanafunzi. Kila kidoti kinainua ukingo mdogo wa chuma kuzunguka shimo lake, na beringi inakaa juu ya kingo hizo; siku ya kwanza inabana kwelikweli na mteja anaondoka akiwa ameridhika. Lakini eneo linaloshika ni sehemu ndogo sana ya eneo zima, kingo zinalazwa na mzigo ndani ya siku chache, na tunarudi tulikotoka, huku shafti sasa ikiwa imeharibika zaidi. Jambo hilohilo, kwa kiasi kidogo, linatokea kwa shafti iliyochongwa kwa kisu butu na mwendo wa haraka: maikromita inagusa vilele vya mistari na kusoma 40.010, kisha beringi inavisawazisha vilele wakati wa kuingia na ubanaji halisi unabaki wa mikroni chache. Kwa hiyo pasi ya mwisho naipitisha kwa kisu chenye makali na mwendo mdogo, kisha msasa laini wenye mafuta, mara mbili tu.

Kuhusu kupima, nisingependa kupita haraka. Venia, kile kipimio cha taya za kutelezesha kilichopo mifukoni mwa mafundi wengi, inasoma kwa hatua za milimita 0.02, yaani mikroni 20, wakati upana wote wa k6 kwenye 40 ni mikroni 16. Chombo hicho hakiwezi kukuambia kama upo ndani au nje, hata ukiwa na macho ya mwewe. Inahitajika maikromita, na inahitajika subira, kwa kuwa vipimo vyote vya ISO vinahesabiwa kwenye nyuzi joto 20, na chini ya mabati ya Dodoma saa nane mchana hatuna nyuzi 20. Chuma kinachopimwa na chombo kinachopima vikiwa na joto moja, kosa hilo karibu lote linajifuta, kwa sababu vyote ni vya chuma kinachotanuka karibu sawa. Tatizo ni shafti iliyotoka kwenye kisu sasa hivi.

Hapo nilijikwaa mwenyewe kwenye shafti hiihii ya Kibaigwa. Nilichonga mpya, nikaipima ikiwa bado imebanwa kwenye chaki, yaani taya za mashine ya kuchongea, ikasoma 40.010, katikati kabisa ya nilichokitaka, nikaifungua nikaenda kunywa chai. Niliporudi ilikuwa imepoa na ilisoma 39.998. Tofauti ya nyuzi 25 kwenye kipenyo cha milimita 40 ni mikroni 11 hadi 12, hesabu ambayo naifundisha vijana kila mwaka na ambayo siku hiyo niliisahau kwa kuwa mteja alikuwa amesimama mlangoni. Shafti ile ilikwenda kwenye rundo la vyuma vya kuchongea vifaa vidogo. Ya pili niliiachia mikroni 40 za ziada, nikailaza kwenye benchi hadi siku ya pili asubuhi, ndipo nikaimalizia. Mwisho mmoja ulitoka 40.012 na wa pili 40.009.

Beringi hazikupigwa nyundo. Tulizipasha kwenye mafuta safi, zikiwa zimening'inizwa kwa waya ili zisiguse sehemu ya chini ya sufuria, hadi joto lilipofika nyuzi 100 hivi. Juu ya 120 sifanyi, kwa sababu ugumu wa chuma chake huanza kuharibika. Kwa joto hilo tundu linatanuka kwa zaidi ya mikroni 30 na beringi inateleza hadi kwenye bega la shafti kwa mkono wenye glovu, kisha unaishikilia pale hadi ishike yenyewe. Kabla ya hapo nilimwomba mzee arudishe zile beringi mbili dukani na kuzibadilisha na zenye alama ya C3 ubavuni. Pete ya ndani inapobanwa na shafti inatanuka, na sehemu kubwa ya ubanaji huo, kama robo tatu yake, inaondoa nafasi iliyomo kati ya gololi na njia zake. Beringi ya kawaida ya ukubwa huu ina nafasi ya mikroni 6 hadi 20 tu, wakati ya C3 ina 15 hadi 33. Dukani waliguna kidogo kisha wakabadilisha. Zilipopoa juu ya shafti nilizizungusha kwa kidole, zikazunguka laini bila kukwama na bila kucheza, tukaifunga shafti kwenye kiroba kilekile na kuipandisha kwenye basi la jioni.