Majengo ya kale Kanda ya Kati: pale sheria inapoishia, wenyeji ndio walinzi

Tunapokaa na wananchi vijijini kuzungumzia malikale, wengi hudhani kila jengo la zamani liko chini ya ulinzi wa Serikali. Kwa mikoa ya Dodoma na Singida dhana hiyo ina hatari, na ningependa kila diwani na kila mwenyekiti wa kijiji aelewe sababu yake.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Pwani kipimo hicho kinafaa, maana magofu ya Kilwa na Kaole yana umri wa karne nyingi. Huku bara hali ni nyingine. Wamisionari wa Kianglikana walifika Mpwapwa miaka ya 1870. Maboma ya Wajerumani yalikuja baada ya hapo. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na ikafika Dodoma 1910. Hakuna hata kimoja kinachoutangulia mwaka 1863. Jengo la baada ya mwaka huo hupata ulinzi pale tu linapotangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Lisipotangazwa, mbele ya sheria hiyo ni nyumba kama nyingine, na mwenye nalo anaweza kulivunja akajenga fremu za maduka. Katika mji unaokua kwa kasi kama Dodoma, ambako kiwanja mara nyingi kina bei kuliko nyumba iliyosimama juu yake, hilo si jambo la kufikirika.

Kinachosahaulika ni kwamba sheria hiyohiyo inaziruhusu serikali za mitaa kutunga sheria ndogo za kulinda majengo na maeneo yenye umuhimu wa kihistoria kwa watu wa mahali hapo. Kwa maoni yangu hicho ndicho kifungu chenye manufaa makubwa kuliko vyote kwa mikoa yetu, na ndicho kinachotumika kidogo.

Chukua njia ya misafara. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, pembe za ndovu na watu waliotekwa utumwani walipitishwa katika ardhi hii. Mpwapwa ilikuwa kituo cha kupumzika na kujaza maji kabla ya kuingia nyika kavu ya Marenga Mkali, na mbele ya hapo misafara ililipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watemi wa Kigogo ili ipite na inywe maji ya visima vyao. Kilimatinde, ukingoni mwa Bonde la Ufa wilayani Manyoni, ikawa kituo cha utawala wa Kijerumani, kisha reli ikapita chini kupitia Saranda na mji ukapoa. Tangu 2006 njia hii imo kwenye orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia, na Mpwapwa na Kilimatinde zimetajwa kwa majina. Orodha ya awali haizuii ukuta kuanguka. Anayeuzuia ni mtu aliye karibu nao.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo huwaudhi wafadhili wetu wenye nia njema: majengo mengi ya zamani yanaharibiwa na ukarabati. Kuta za maboma na nyumba za misheni zilijengwa kwa mawe au matofali yaliyoshikwa kwa udongo au chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji ya ardhini wakati wa masika na kuyatoa taratibu kupitia usoni mwake. Ukiupiga lipu ya saruji, maji hayana pa kutokea. Yanapanda juu, yanabeba chumvi, na baada ya misimu michache udongo ulio ndani unalainika huku uso wa nje ukionekana mgumu na mzuri kabisa. Gonga ukuta huo kwa kifundo cha kidole kuanzia chini hadi usawa wa kiuno. Ukisikia mlio wa utupu, lipu imeshaachana na ukuta na nyuma yake kuna unga.

Dawa yake si ghali. Bandua saruji polepole kwa patasi bila nyundo nzito, acha ukuta ukauke kiangazi kizima, kisha piga lipu ya chokaa iliyozimwa na kulowekwa vizuri, sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga safi. Kabla ya hayo yote, shughulikia maji. Dodoma hupata wastani wa milimita 570 tu za mvua kwa mwaka, lakini hunyesha kwa nguvu kati ya Desemba na Aprili. Mfereji uliozibuliwa Novemba na udongo uliorundikana ukutani ukaondolewa huokoa jengo kuliko rangi ya aina yoyote. Kikundi cha kijiji kinaweza kufanya hivyo kwa majembe yake.

Ipo na balaa ya wachimbaji wa "mali ya Mjerumani". Imani kwamba Wajerumani walifukia dhahabu walipokimbia Vita Kuu ya Kwanza imetoboa sakafu za maboma, na haikuishia hapo. Kwenye miamba ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006 kwa michoro yake, watu wamechimba hata kwenye mwamba wa Mongomi wa Kolo. Wanachotupa pembeni ndicho hazina yenyewe. Katika pango la Kisese, tabaka za udongo zimetoa shanga za ganda la yai la mbuni zenye umri unaozidi miaka 40,000, kila moja ndogo kuliko kifungo cha shati. Umri huo ulijulikana kwa sababu shanga zilikutwa kwenye tabaka zao. Zikishachanganywa na sepeto, hakuna maabara duniani inayoweza kuzirudisha zilipokuwa. Kuchimba bila kibali ni kosa la jinai, na ukiona shimo jipya, mwambie mtendaji wa kijiji siku hiyohiyo.

Mongomi wa Kolo pia ni mahali pa tambiko. Wenyeji hupanda pale kuomba mvua na uponyaji, na pombe au mafuta yakirushwa ukutani huharibu michoro. Wapo wanaotaka tambiko lipigwe marufuku. Nawapinga kabisa. Katikati ya karne iliyopita baadhi ya miamba ilizungushiwa nyavu za waya, na nyavu ziling'olewa. Heshima ya wazee kwa mahali pale imedumu kuliko waya. La busara ni kukaa nao na kukubaliana wapi pombe imwagwe, mbali na uso uliochorwa.

Tembe, nyumba za asili za Wagogo, nazo zinaondoka kimyakimya, na kwangu hii ndiyo hasara inayouma zaidi. Operesheni ya vijiji ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliwahamisha watu kutoka kwenye makazi yao, na bati likamaliza kazi. Paa la tembe, bapa, la udongo juu ya fito na nguzo, linahitaji kukandikwa upya karibu kila mwaka na kukaguliwa mchwa. Mafundi wanaojua mti upi haushambuliwi upesi na udongo upi haupasuki ni wazee sasa. Kijiji chenye tembe hata moja kiipige picha, kipime vyumba na zizi, na kiwape vijana wawili watatu nafasi ya kukandika pamoja na fundi msimu ujao.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Pelekeni ajenda yenye orodha ya majengo na maeneo yenu, jina la mwenye kila kimoja, mwaka uliokadiriwa wa ujenzi na picha ya kila upande. Halmashauri ya kijiji ikishaandaa sheria ndogo na mkutano ukaijadili, huenda halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Nakala ya orodha hiyo ipelekeni kwa ofisa utamaduni wa wilaya, ili ifike Idara ya Mambo ya Kale kabla ya masika.