Bawasiri: namna ya kuzitambua dalili zake

Bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba ndani ya tupu ya nyuma au ukingoni mwake. Kila binadamu ana vinyama laini mahali hapo, vilivyojaa mishipa hiyo, na kazi yake ni kusaidia kubana njia ili choo na upepo visitoke ovyo. Maradhi huanza vinyama hivyo vinapovimba na kulegea. Aghalabu chanzo ni kujikamua kwa choo kigumu, kukaa chooni muda mrefu, kuharisha kwa muda mrefu, ujauzito au kunyanyua mizigo mizito.

Wengi husubiri maumivu ndipo washtuke, na hapo ndipo wanapochelewa. Bawasiri ya ndani kwa kawaida haiumi, maana sehemu ya juu ya njia ile haihisi maumivu kama inavyohisi ngozi ya nje. Dalili yake ya kwanza ni damu: nyekundu, mbichi, inayotoka wakati wa choo au mara tu baada yake, ikapaka juu ya kinyesi au kudondoka matone.

Maelezo mengi ya maradhi haya humwambia mgonjwa aangalie karatasi ya chooni. Sisi wengi hapa Mombasa twachamba kwa maji, na nyumba nyingi choo ni cha kuchutama na taa yenyewe hafifu. Kopo moja la maji likishapita, ushahidi wote umekwenda. Mtu aweza kutokwa na damu wiki kadhaa asijue. Basi angalia kabla ya kumwaga maji. Tazama vidole kabla ya kuvitia sabuni, na ukague nguo ya ndani unapoivua. Mkono unaochamba nao una faida yake: huhisi mapema kinyama laini ambacho jana hakikuwapo.

Kinyama hicho kina hatua zake. Mwanzo hubaki ndani, kikatoa damu tu. Baadaye huchomoza ukijikamua, kikarudi chenyewe. Ikizidi, itabidi ukirudishe kwa kidole, na mwisho hakirudi kabisa. Hapo mtu huona ute kwenye nguo, hupata muwasho, na huhisi kama hajamaliza haja.

Bawasiri ya nje hukaa chini ya ngozi ya ukingoni, na hiyo huuma na kuwasha. Damu ikiganda ndani yake, hutokea ghafla kivimbe kigumu cha rangi ya zambarau, na kukaa kwenye kiti cha tuktuk huwa mateso. Siku mbili tatu za mwanzo ndizo kali zaidi. Ukiwahi hospitali siku hizo, daktari aweza kukipasua na kuitoa damu hiyo; ukichelewa, mara nyingi hunywea chenyewe taratibu.

Si kila kinachosumbua huko ni bawasiri. Maumivu kama ya wembe wakati wa choo, yanayoendelea hata saa kadhaa baadaye, mara nyingi ni mchaniko wa ngozi. Uvimbe unaopwita, pamoja na homa, ni jipu, na jipu la hapo halingojewi. Choo cheusi kinachonata kama lami huashiria damu inayotoka juu, tumboni. Mama mjamzito anayemeza vidonge vya kuongeza damu asitishike bure, kwani vidonge hivyo hufanya choo kuwa cheusi; lakini vyaweza pia kukifanya kigumu, jambo linalofaa kuelezwa kliniki.

Ninaloliogopa zaidi ni saratani ya utumbo mpana, ambayo nayo hutoa damu. Damu iliyochanganyika na kinyesi, choo kilichobadilika tabia kwa wiki kadhaa, kukonda bila sababu, uchovu na kizunguzungu: mtu mwenye dalili hizi asinunue barabarani dawa ya kupaka, hata kama amewahi kuwa na bawasiri. Aliyevuka miaka 45 na akaona damu kwa mara ya kwanza apimwe, hata kama hana dalili nyingine.

Bawasiri changa hutulia kwa kulainisha choo. Mbaazi, kunde, mchicha, mapapai na maji ya kutosha husaidia sana. Ramadhani ndiyo huwaponza wengi, maana futari hujaa viazi karai na bajia huku maji yakinywewa kidogo hadi daku. Kukalia beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15 hupunguza maumivu na muwasho.

Kinachowazuia watu wengi kwenda hospitali ni aibu. Uchunguzi wenyewe ni mfupi: mgonjwa hulala ubavu, magoti yakikunjwa kifuani, daktari huangalia nje, huingiza kidole chenye glavu, na pengine kifaa kidogo cha kutazamia ndani. Mwanamke aweza kuomba achunguzwe na daktari mwanamke, na mwanamume aombe daktari mwanamume. Taja rangi ya damu, imeanza lini, na kama kuna kinyama kinachotoka na kurudi.